Kambi ya Kwanza: Kutoka Msafara wa Pembe hadi Darasa la Uhandisi

Ndugu msomaji, kama umewahi kupanda treni ya Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma au Mwanza, basi umepita nyumbani kwetu, hata kama ulikuwa umelala fofofo. Igalula ni stesheni ndogo, upande wa mashariki, kabla hujafika Tabora mjini. Treni inasimama, abiria wanachungulia madirishani, akina mama wanakimbia na mabeseni ya karanga, matobolwa na chupa za asali, halafu honi inalia na safari inaendelea. Wengi wanatujua kwa asali, basi. Hakuna anayeshuka Igalula kuulizia historia.

Mimi ni mtoto wa hapo. Nilimaliza kidato cha nne nikaishia hapohapo, na siku hizi nakaa mjini, mitaa ya Isevya, nabangaiza huku naandika riwaya ambayo haitaki kuisha. Kwa kawaida kazi yangu ni kutunga. Safari hii sitatunga. Nataka kuwasimulia jambo lililonifanya niingie maktaba siku nne mfululizo, mimi ambaye washikaji wananijua kwa kusoma riwaya tu.

Mdogo wangu wa kike, anayenifuata, alifaulu kidato cha nne. Fizikia alipata, hesabu alipata, kemia akapenya kwa tabu. Akachaguliwa kidato cha tano kusoma fizikia, kemia na hesabu, katika shule ya bweni ya mkoa mwingine. Wiki hiyohiyo wazee wawili walifika nyumbani kwa baba, wakawekewa viti chini ya mwembe, wakaanza kuzungumzia ng'ombe. Umenielewa. Baba akaniita: mimi ndiye mtoto wake wa kwanza wa kiume, nifike Jumamosi tukae kikao. Na usiku wa siku hiyo mdogo wangu akaazima simu ya jirani akanipigia.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Vipi, mbona usiku?"

"Nakuuliza kitu. Hivi mtu wa Igalula anaweza kuwa injinia kweli, au ndiyo tunajidanganya?"

Nilinyamaza mpaka salio la jirani likaisha. Jibu sikuwa nalo. Ndiyo maana nikaenda maktaba.

HESABU ZA MGUNDA MKALI

Nikaanza na njia yenyewe. Kabla ya reli kulikuwa na njia ya miguu. Misafara iliondoka pwani, Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikavuka Ugogo, ikaingia katika pori lililoitwa Mgunda Mkali, pori la jua na kiu. Mwisho wa pori hilo ilitokea Tura, ambako Unyamwezi unaanzia, kisha Rubuga, kisha Kigwa, mpaka Unyanyembe, yaani Tabora yetu ya leo. Tura na Kigwa ni majirani zetu. Leo ni kata za Wilaya ya Uyui kama ilivyo Igalula. Mwingereza Richard Burton, aliyepita na mwenzake John Speke, alifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu aiache pwani. Vitabu vya shule vinamtaja huyo, vinamtaja Stanley aliyepita mwaka 1871, vinamtaja Livingstone aliyekaa Kwihara mwaka 1872 akisubiri watu wa kumbebea mizigo. Hao waliobeba wanatajwa kwa mkupuo, kama gunia: wapagazi.

Lakini ebu tuwatazame wapagazi hao kwa karibu. Wanyamwezi walikuwa wanakwenda pwani na pembe zao wenyewe kabla Waarabu hawajajenga nyumba Tabora. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, na frasila moja ni kama kilo 16. Posho ya mtu ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Sasa wewe ni mkuu wa msafara, una watu 100, na mbele yako kuna pori lisilo na soko kwa siku 12. Piga hesabu. Watu 100 mara siku 12, ni vibaba 1,200. Vibaba vinne ni pishi moja, kwa hiyo unahitaji pishi 300. Lakini nafaka nayo lazima ibebwe, na anayeibeba naye anakula! Kwa hiyo kila mbeba chakula unayemuongeza anapunguza chakula anachokibeba. Hii si hesabu ya kuchezea. Ukikosea, watu wanakufa Mgunda Mkali. Na waliokuwa wakiipiga hawakuwahi kuona ubao wala chaki.

Kuna desturi moja ya misafara iliyonikamata nikashindwa kufunga kitabu. Siku ya kwanza msafara haukwenda mbali. Ngoma inapigwa, kirangozi anatangulia na bendera, watu wanashangilia kana kwamba wanahama dunia, halafu wanatembea mwendo mfupi tu na kupiga kambi karibu na mji. Kwa nini? Ili wavivu wafike. Ili anayegundua kamba yake ni mbovu arudi kuchukua nyingine. Ili mzigo uliokaa vibaya begani ufungwe upya. Kambi ya kwanza ilikuwa ya kurekebisha, na hakuna aliyemcheka mtu kwa kurekebisha mzigo wake hapo. Aibu ilikuwa kugundua kasoro katikati ya pori.

Msomaji, ishike hiyo kambi ya kwanza. Tutairudia.

SHULE YA WATOTO WA WATEMI

Wajerumani walikuja. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga mpaka Januari 1893, boma lake lilipovunjwa, naye akajilipua na baruti kuliko kutekwa. Halafu ikaja reli: ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mabega ya watu wetu ndiyo yaliyobeba udongo, mawe na mataruma. Waliopima mteremko na kuchora madaraja walikuwa wengine. Kabla hata reli haijazoeleka, Vita Kuu ikafika, na Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Tabora. Baada ya vita akatawala Mwingereza.

Hapo ndipo Tabora ilipopata jina katika elimu. Katikati ya miaka ya 1920 Waingereza walikuwa na shule ya serikali pale mjini, ambayo lengo lake lilisemwa waziwazi: kuwasomesha watoto wa watemi na machifu wa Tanganyika nzima, ili baadaye wakatawale kwa niaba ya mkoloni. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, ndiye aliyeushikilia sana utaratibu huo wa kutawala kupitia machifu. Basi ukiwa mtoto wa mtemi unaandaliwa kuwa mtemi. Ukiwa mtoto wa mpagazi, hata kama baba yako alijua kupiga hesabu ya Mgunda Mkali kichwani, hakuna aliyekuja kukuuliza.

Sisemi hivyo kuidharau shule ile. Baadaye mlango ulipanuka, wakaingia watoto kwa kufaulu mitihani. Mwaka 1937 aliingia kijana mmoja wa Kizanaki kutoka Butiama kupitia shule ya Mwisenge, Musoma. Ndiyo, Julius Nyerere. Baba yake alikuwa mtemi, lakini mtoto mwenyewe aliingia darasani kwa mara ya kwanza mwaka 1934, akiwa na umri wa kama miaka 12, na mtihani ndio uliomleta Tabora. Alikaa mpaka 1942, akaenda Makerere, halafu akarudi hapahapa Tabora kufundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's kuanzia 1946 hadi 1949. Wengi wanadhani Mwalimu alikuwa mtu wa siasa na historia tu. La hasha! Pale St. Mary's mojawapo ya masomo aliyofundisha ni biolojia. Baba wa Taifa alikuwa ticha wa sayansi, mjini kwetu.

Na wasichana? Serikali ilifungua shule ya wasichana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1920. Kama ilivyokuwa kawaida ya shule za wasichana za wakati ule, kushona, kupika na malezi vilipewa uzito mkubwa: kwa macho ya wakoloni, msichana msomi alikuwa mke mwema wa chifu msomi. Aliyetaka kupima daraja alitakiwa asubiri. Amesubiri sana.

WAHANDISI WAWILI

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwalimu alikuwa na hesabu moja aliyopenda kuwakumbusha wageni waliomlaumu kwa umaskini wa nchi. Alisema kwamba baada ya Waingereza kututawala miaka 43, waliondoka wakiacha watu wazima 85 katika kila 100 hawajui kusoma, na nchi nzima ina wahandisi wawili na madaktari 12.

Wahandisi wawili! Nilipoisoma hiyo nikainua kichwa nikatazama dirishani. Nchi yenye reli kutoka bahari mpaka ziwa, yenye madaraja na bandari, na wazalendo wanaoweza kuchora daraja wangetosha kwenye baiskeli moja, mmoja mbele na mwenzake kwenye keria.

Chuo kikuu chetu kilianza mwaka huohuo wa 1961, lakini kilianza na sheria. Sayansi ikafuata miaka ya 1960. Aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi au ng'ambo, mpaka mwaka 1973 kilipofunguliwa kitivo cha uhandisi Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, Novemba 1974, likaja Azimio la Musoma: anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, kwanza afanye kazi miaka miwili na apate sifa njema kazini. Nia ilikuwa nzuri, wasomi wasijione miungu watu. Lakini angalia kilichotokea. Katika miaka hiyo miwili wavulana walikuwa kazini wanasubiri zamu yao, na wasichana wengi waliolewa, wakazaa, wasirudi. Idadi yao chuoni ikashuka mpaka serikali yenyewe ikashtuka, wasichana wakaruhusiwa kupitiliza moja kwa moja.

Hapo nilijifunza jambo ambalo sikufundishwa shuleni: sheria moja kwa wote si lazima iwe sawa kwa wote. Pori ni moja, ila kuna anayeingia na maji na kuna anayeingia mikono mitupu.

NJIA MBILI

Katika miaka ya 1990 vyuo vya Afrika Mashariki vikaanza kujiuliza waziwazi: kwa nini madarasa ya sayansi na uhandisi yamejaa vidume vitupu? Makerere walichagua njia moja. Kuanzia mwaka 1990 kila msichana aliyeomba nafasi aliongezewa alama moja na nusu juu ya alama zake. Idadi ya wasichana chuoni ikapanda, huo ni ukweli. Lakini wakosoaji walisema alama hizo ziliwafaa zaidi waliotoka shule nzuri za mjini, wale ambao tayari walikuwa mlangoni, na kwamba wengi waliingia masomo ya sanaa kuliko sayansi. Alama inaweza kukuingiza darasani. Haiwezi kukufundisha hesabu ambazo hukufundishwa.

Kwetu ulipita mradi wa FEMSA, ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1990 katika nchi nne, Tanzania, Uganda, Ghana na Kameruni, kuchunguza kwa nini wasichana wanakimbia hesabu na sayansi shuleni na nini kifanyike. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikachagua njia ya pili, ambayo ndiyo iliyonipeleka kwenye kichwa cha makala hii. Kwanza upande wa sayansi mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha upande wa uhandisi mwaka 2004, kilianzisha kozi ya awali kwa wasichana. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Msichana amemaliza kidato cha sita, amefaulu masomo ya sayansi, lakini alama zake zimepungua kidogo chini ya mstari wa kuingilia. Badala ya kumwambia "pole, kaolewe", anaitwa chuoni wiki kadhaa kabla ya mwaka wa masomo kuanza. Anapigishwa msuli wa hesabu na fizikia kwelikweli, anafanya mtihani, na akifaulu anaingia kama wengine. Akishaingia hakuna mtihani wake peke yake. Anafanya uleule wa kila mtu.

Kabla ya hapo wasichana kwenye uhandisi hawakufika 10 katika kila wanafunzi 100. Baada ya kozi hiyo idadi yao iliongezeka mara kadhaa, na waliopitia njia hiyo wakahitimu, wakavaa kofia ngumu, wakaingia makazini.

Hii si kambi ya kwanza? Si ndiyo ileile ya msafara? Unatembea mwendo mfupi, unapiga kambi karibu na mji, unafungua mzigo, unaufunga upya. Haikuwa huruma wala upendeleo. Babu zetu walilijua jambo hili, kwamba watu wakifungiwa mizigo na mikono tofauti, asubuhi moja ya kurekebisha inaokoa msafara mzima.

MAABARA YENYE KUFULI

Naomba nikwambie kwa nini jambo hili linanichoma mimi binafsi.

Shule niliyosoma, jina naliweka kapuni, ilikuwa na chumba kilichoandikwa "Maabara" kwa rangi ya bluu. Kilikuwa na kufuli. Ndani yake kulikuwa na madawati mabovu na mizinga miwili ya nyuki iliyosahauliwa na mtu. Mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja kwa shule nzima, na alipohama, tulikaa muhula mzima tunadesa madaftari ya kaka zetu. Nilijua kuandika hatua zote za jaribio la tindikali na besi kwa mpangilio, hata leo ukiniamsha usiku nitakuandikia. Tindikali yenyewe sijawahi kuiona kwa macho.

Halafu ipo lugha. Darasa la saba nilikuwa najua kani, mwendokasi, usharabu, kwa Kiswahili changu safi. Januari ya kidato cha kwanza maneno yote yakabadilika kuwa Kiingereza, na mimi niliyekuwa naongoza darasa nikawa bubu. Nikajiona sina akili ya sayansi. Nikahamia kwenye riwaya, ambako maneno hayanitoroki. Sijuti kuandika, msomaji. Najuta kwamba sikuchagua. Nilisukumwa na kufuli.

Tuwe wakweli lakini, mambo hayakusimama. Mpango wa kujenga sekondari za kata ulioanza mwaka 2004 ulileta shule mpaka vijijini, ambako zamani aliyefaulu alikuwa mmoja, na wengine wote wakarudi shambani kwenye tumbaku. Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijengwe maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia, na muda uliowekwa wa Novemba 2014 ukasogezwa hadi Juni 2015. Wazazi wengi wanaikumbuka michango ya matofali. Ada ya sekondari mpaka kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyepata mimba anaweza kurudi shuleni. Ikaja na mpango wa kujenga sekondari 26 za sayansi za wasichana, moja kila mkoa wa Bara, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo ufadhili unaoitwa Samia Scholarship kwa waliofaulu zaidi sayansi kidato cha sita. Mjini Dar es Salaam kuna watu kama Apps and Girls, wanaowafundisha wasichana kuandika programu za kompyuta tangu 2013.

Vyote hivyo ni vyema. Lakini ukivipanga mezani utaona kitu: ufadhili unamngoja aliyekwisha kufaulu zaidi, na kozi ya awali ilimngoja aliyekwisha kumaliza kidato cha sita. Ni kama kambi ya kwanza iliyowekwa Tura, upande wa pili wa Mgunda Mkali. Aliyekufia porini haifikii. Mtoto wa Igalula pori lake liko Januari ile ya kidato cha kwanza, lugha inapogeuka, na liko nyumbani siku wazee wanapoletewa viti chini ya mwembe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkoani Tabora wanawake 58 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mkoa uliotuzidi ni Shinyanga tu, tena kwa mmoja. Hao 58, msomaji, hakuna aliyewapima kama wanajua hesabu.

KIKAO

Jumamosi nikapanda basi kurudi nyumbani. Begani nilikuwa na daftari langu, kichwani nina Burton, Isike, Azimio la Musoma na vibaba 1,200. Nilijiona wakili.

Kikao kilikuwa cha watu sita. Baba, baba mdogo, wale wazee wawili, mimi, na babu mzaa baba, ambaye macho yamechoka lakini masikio yako macho. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi. Mdogo wangu simuoni, ila kinu kilikuwa kinatwangwa nyuma ya nyumba, na kila mtu akianza kuongea, kinapunguza kasi.

Tukasalimiana vizuri, mwangaluka, mwangaluka. Nikapewa nafasi. Nikaanza na sheria, kwa sauti ya mtu wa mjini. Nikasema Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilikwisha sema kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka katiba. Nikasema Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayemuoa mwanafunzi wa sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Wazee wakatazamana. Baba mdogo akakohoa. Baba uso ukakunjamana, na nikajua nimekosea. Nilikuwa nimemtisha baba yangu mbele ya wageni wake. Mtu mzima hasemeshwi hivyo.

Nikanyamaza. Daftari nikalifunga. Babu akaniokoa.

Akauliza, "Huko anakokwenda atasoma nini?"

Nikamjibu, "Fizikia, kemia na hesabu, babu. Akifika mwisho anaweza kuwa mhandisi. Anayepima reli."

Babu akacheka taratibu. Babu alikuwa mtu wa gengi la reli. Miaka mingi amekaza vyuma na kubadilisha mataruma kati ya Igalula na Goweko, mvua na jua. Akasema, "Babu yangu mimi alibeba pembe akaenda Bagamoyo akarudi. Mimi nimebeba mataruma. Siku zote anakuja mtu na kichombo cha miguu mitatu, anachungulia, anaandika, anatuambia inueni hapa, shusheni pale. Hata siku moja hakuwa mtoto wa hapa. Na sasa wanajenga reli mpya, nasikia wanachungulia tena." Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kutoka Makutupora mpaka Tabora ulitiwa saini Desemba 2021, na magari ya kazi hiyo tumeyazoea kuyaona. "Sasa nauliza tu," akasema babu, "huyu binti akienda kujifunza kuchungulia kile kichombo, kuna ubaya gani?"

Kinu kilikuwa kimenyamaza kabisa.

Siku nne nimesoma, na mzee ambaye hajui kusoma ameyasema yote kwa maneno yasiyozidi kiganja. Baba hakujibu papo hapo. Aliwashukuru wageni, akawasindikiza mpaka njiani, akarudi akasema, "Aende. Lakini akirudi na ziro, msinilaumu." Kwa tabia ya baba yangu hilo ni baraka kamili.

Alipanda treni mwezi wa saba. Usiku ule kabla ya safari tulifungua sanduku lake, tukalipanga upya mara mbili, kwa sababu godoro lilikuwa limebana madaftari. Nilimpa kamusi yangu ya Kiingereza na Kiswahili, ile iliyochakaa, ambayo nilipaswa kupewa mimi ile Januari ya kidato cha kwanza. Nikamwambia aanze na maneno ya fizikia, kumi kila siku, asione haya kuuliza. Mwisho wa muhula wa kwanza hesabu alipata vibaya. Alinipigia akilia. Nikamsimulia habari ya msafara na kambi ya kwanza. Akanisikiliza, halafu akaniambia, "Kaka, acha hadithi, nitafutie mtu wa tuisheni likizo." Nikamtafutia, mwanafunzi mmoja wa chuo anayekaa Cheyo, anayelipwa kwa asali.

Injinia bado hajawa. Anaweza asiwe. Sitawadanganya kwa mwisho mtamu, ingawa mimi ni mtu wa riwaya na mwisho mtamu naujua kuutengeneza. Lakini swali lake sasa naweza kulijibu. Ndiyo, mtu wa Igalula anaweza. Hesabu tulikuwa nazo kabla ya shule. Tulichokosa ni siku ya kufunga mzigo upya, na mtu wa kusimama nasi hapo karibu na mji bila kutucheka.

Nawe msomaji, ambaye labda ulifaulu hesabu ukaja mjini, likizo ijayo shuka kwenye kituo chako. Usishuke kununua asali tu. Uliza maabara ya kijijini kwenu iko wapi, na ufunguo wa kufuli lake anao nani.